Printa ya Sebuleni

Nyumba yetu ya mtaa wa Ramadhani ina kompyuta mbili na printa moja. Ya kwanza iko sebuleni, wanapoingilia wateja. Ya pili iko chumbani kwangu, na mlango wake una kitasa kizuri. Printa iko sebuleni. Mdogo wangu Kefa alitoboa tundu ukutani, akapitisha waya na kuziunganisha kompyuta hizo mbili, ili ninachoandika chumbani kitoke sebuleni. Hiyo ilikuwa mwaka 2003. Mjini Njombe sikumjua mtu mwingine aliyekuwa na mpango huo nyumbani, na waliokuja kuandikisha barua walikuwa wakikaa kitini kuangalia karatasi ikitoka yenyewe bila mtu mbele ya mashine.

Nina stashahada ya ugavi. Shirika nililofanyia kazi liliuzwa, mnunuzi akaleta watu wake, nami nikarudi nyumbani na kompyuta ya kwanza. Kazi nyingi zilikuwa za kupita: ratiba za mazishi, kadi za harusi, barua za kuomba kazi. Kazi ya kudumu ilikuwa moja tu, mtihani wa kata wa darasa la saba. Shule nne, mara tatu kwa mwaka. Aliyeniletea maswali ni Mwalimu Hilario, aliyekuwa akitunga kwa niaba ya kata. Kila mara alinikabidhi bahasha mkononi na kusema maneno yaleyale: "Mama Peace, ukivuja huu, sote wawili tumekwisha."

Alikuwa na sababu ya kuogopa. Binti yangu Peace alikuwa darasa la saba katika shule aliyofundisha mwalimu huyo, upande wa Yakobi. Mtihani ukivuja, hakuna ambaye angeuliza umevuja vipi. Wangesema mama amempa mtoto wake. Ndiyo maana niliuandika chumbani, mlango umefungwa kwa ufunguo. Kwamba nilichofungia chumbani kilikuwa kinakwenda kutokea sebuleni, hilo nilikuwa nimelipangia utaratibu. Nikishatuma, natoka haraka, nasimama mbele ya printa mpaka ukurasa wa mwisho utoke.

Utaratibu wa pili ulihusu karatasi mbovu. Printa ile ilikuwa ya mtumba na iliharibu karatasi nyingi. Nikaweka sheria ndani ya nyumba: karatasi iliyo mkononi mwangu ni kazi, karatasi iliyoanguka sakafuni na mimi sipo ni taka. Taka zilikuwa za mama mkwe wangu, Bibi Dorosela. Yeye hukaanga maandazi kila asubuhi na kuyauza kwenye geti la shule ya Peace wakati wa mapumziko. Alikuwa akizikata karatasi vipande vinne vinne na kufungia maandazi. Nilipoitangaza sheria hiyo alifurahi, maana magazeti yalikuwa yanampakia wino vidole.

Jumanne moja ya mwezi wa tatu, saa kumi na moja jioni, nilimaliza kuandika hisabati na sayansi. Kurasa nane. Mtihani ulikuwa wa Alhamisi. Mvua ilikuwa inanyesha na radi zinapiga karibu. Nikatuma. Nikasikiliza, sikusikia printa ikiamka. Nikatuma tena. Kimya. Nikatuma mara ya tatu, kisha nikatoka.

Printa ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma. Televisheni imefunikwa. Redio imefunikwa. Plagi zote alizoweza kuzifikia zilikuwa zimechomolewa na kuwekwa juu ya meza, kwa mpangilio, kama vijiko. Mama mkwe alikuwa amekaa mbali na dirisha, miguu kaiinua kwenye stuli.

"Mama, umechomoa printa?"

"Ina taa nyekundu. Radi inapenda chekundu."

"Na kompyuta hukuichomoa?"

"Waya wake uko nyuma ya kabati. Mimi nina mgongo wa kuingia nyuma ya kabati? Nimeiombea."

Kwao, radi ikipiga, kila kitu cha umeme huchomolewa na kufunikwa. Hata mimi nililelewa hivyo. Sikubishana. Isitoshe wino ulikuwa unaishia, kurasa zingetoka zimefifia, na nilihitaji kurasa safi za kwenda kutoa nakala. Nikaamua kesho yake niende Makambako kununua wino, nirudi mchana, nichapishe, nikabidhi. Nikaizima kompyuta ya chumbani, nikafunga mlango, nikatia ufunguo kwenye mkoba. Ya sebuleni niliiacha inawaka kama kawaida. Kefa alikuwa ameniambia kwamba kuiwasha na kuizima kila siku ndiko kunakoiua. Na nilichotuma mara tatu kisitoke, nilikihesabu kimekufa.

Jumatano niliondoka alfajiri, Mama mkwe hajaamka, na saa mbili na nusu nilikuwa Makambako, dukani kwa Rehana. Rehana aliuza vifaa vya ofisi pale karibu na njia panda. Alizaliwa Tanga, akaolewa na Sudi mwenye malori, na alikuwa hajaizoea baridi ya huku kwa miaka kumi. Alikuwa amevaa koti la mumewe juu ya baibui.

"Kamwene, Mama Njombe!" akanisalimia kwa lugha ya huku. "Umekuja na ukungu wako?"

"Nimekuacha nao wa kwako. Nipe wino."

"Wa ile kongwe yenu? Bado inakohoa tu?"

"Jana imekataa kabisa. Nimetuma mara tatu, haikutoa hata jasho."

Rehana akaacha kutafuta kwenye rafu. "Imekataa vipi? Ilikuwa inawaka?"

"Ilikuwa imechomolewa. Mama mkwe na radi zake."

"Na kompyuta iliyoshikana nayo?"

"Inawaka."

"Basi shoga, haijakataa. Inasubiri." Akasema hivyo huku akipanda kwenye kigoda kufikia boksi. "Kazi yako imekaa ndani ya ile kompyuta imekunja miguu. Mtu akirudisha plagi, inatoka yote. Mara tatu zote. Wiki iliyopita mtu wa benki kaniletea kilio hichohicho, barua moja imetoka mara kumi na mbili mbele ya meneja."

Nilimuuliza kama ana hakika.

"Kwani mimi nauza karanga hapa?"

Mama mkwe hurudisha plagi asubuhi. Ndivyo anavyofanya kila baada ya radi: anafunua vitambaa, anavikunja, anarudisha plagi moja moja, halafu anaenda kukaanga maandazi. Huwa anamaliza saa moja asubuhi. Kompyuta ya chumbani kuzimwa hakukusaidia kitu, kwa sababu maswali yalikuwa tayari upande wa pili wa ukuta. Kurasa nane mara tatu ni ishirini na nne. Ishirini na nne mara nne ni vipande tisini na sita. Mapumziko ya shule ni saa nne.

Nyumbani hapakuwa na simu. Aliyekuwa na simu ya mkononi mtaani kwetu ni Benno wa mashine ya kusaga. Nilimpigia kwa simu ya Rehana. Mashine ilikuwa inanguruma, ikabidi nipige kelele mpaka wateja dukani wakanigeukia.

"Benno, nenda kwangu umwambie Mama asiguse karatasi!"

"Karatasi gani?"

"Zozote!"

Alikwenda. Nikangoja dakika kumi, nikapiga tena.

"Pamefungwa kwa kufuli," akasema. "Ameshaondoka na ndoo yake. Anapitia kwanza kwa dada yake, ndiyo kawaida yake."

"Basi nenda shuleni ukamzuie asiuze."

"Mimi?"

"Wewe."

"Nikamwambie Bibi Dorosela asiuze maandazi? Mama Peace, yule bibi ndiye aliyeninyoa nywele za utoto. Nitaanzia wapi? Atauliza nani amenituma, niseme mkwewe? Hapana. Hayo ni ya kwenu." Na vocha ikaisha.

Rehana alikuwa amesikia yote. Hakuuliza zaidi. Akatoka mlangoni na kumpigia kelele mumewe, ambaye lori lake lilikuwa linatoka kwenda Songea kupitia Njombe. "Sudi! Una abiria! Usisimame hata kwa mahindi!" Nikapanda na boksi langu la wino. Sudi aliendesha kimya na kwa kasi ya kutosha. Njiani nilijaribu kupanga nitakachosema, nikaona hakipangiki kabla sijajua ni vipande vingapi vimetoka.

Saa nne na dakika ishirini nilikuwa kwenye uwanja wa shule. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye jiwe lake getini, ndoo tupu imegeuzwa chini juu.

"Leo yameisha mapema," akasema. "Mbona umekuja na gari la mizigo?"

"Mama, ulifungia karatasi gani?"

"Za sakafuni. Zilikuwa nyingi leo, na nzuri, upande mmoja mweupe kabisa."

"Zimebaki?"

Akanipa vipande vitatu. Kimoja kilikuwa na swali la nane la sayansi, kuhusu ufyonzaji wa maji kwenye mizizi. Wino ulikuwa umefifia lakini unasomeka vizuri.

Niliingia uwanjani na kuanza kuokota. Vingine vilikuwa kwenye nyasi, vingine kwenye shimo la taka, vingine mikononi mwa watoto. Niliwaambia wanipe, wakanipa, huku wananitazama. Wa darasa la pili walifurahi sana wakaanza kuniletea hata maganda ya ndizi. Nilipata vipande arobaini na kimoja. Mafuta yalikuwa yamepenya mpaka kwenye vidole vyangu.

Peace alinijia akiwa na rafiki zake wawili. Akawaambia wabaki nyuma.

"Mama, unatafuta maswali?"

"Umejuaje ni maswali?"

"Tumesoma. Sisi huwa tunasoma karatasi za bibi. Juzi tulisoma ratiba ya mazishi ya mzee wa Ilembula, tukaimba na nyimbo zake." Akatoa kipande mfukoni, kimekunjwa vizuri. "Hili la eneo la duara hatujafundishwa."

"Nani mwingine amesoma?"

"Darasa zima. Tulikuwa tunabadilishana. Mwenye swali la pili anampa mwenye la tisa. Mama, ni za kesho?"

Nilimwambia arudi darasani. Nilikuwa nimeshapata jibu nililolitafuta, na lilikuwa baya. Mtoto wangu alikuwa amesoma mtihani pamoja na darasa zima, na kesho yake shule nne zingeufanya.

Mwalimu Hilario alikuwa ofisini peke yake, anakunywa chai na andazi. Karatasi ya andazi ilikuwa mbele yake mezani. Nikaigeuza ili aisome. Aliisoma, akaweka kikombe chini.

"Huu ni mwandiko wangu," akasema. "Yaani, ni swali langu."

Nikamweleza yote kwa sentensi nne au tano. Alinyanyuka, akafunga mlango.

"Umemwambia nani?"

"Wewe."

"Umekuja peke yako?"

"Ndiyo."

"Basi Mama Peace, hakuna kilichotokea. Karatasi yenye mafuta nani anaisoma? Watoto wa siku hizi hata daftari hawasomi."

"Wamesoma. Wanabadilishana namba."

"Wakisoma si wamejifunza? Kazi yetu si wajifunze?" Alijaribu kucheka, akaacha. "Sikiliza. Nina miaka kumi na tisa kazini. Natakiwa kupanda daraja mwaka huu. Wewe una kazi ya kata. Mratibu akijua, mimi napata barua, wewe unakosa kazi, na watakaosema ni mwanao ni wale wale ambao leo wamekula maandazi. Kesho tunafanya mtihani, Ijumaa tunasahihisha, Jumatatu kila mtu ameshasahau. Kwani ni mtihani wa taifa?"

Hoja yake ilikuwa nzuri, na nilikuwa nimeshaifikiria ndani ya lori. Kasoro yake ilikuwa moja.

"Kuna watoto wa shule tatu nyingine," nikasema, "ambao hawakununua maandazi."

Akarudi kukaa. "Tuyabadilishe maswali basi. Mimi na wewe, sasa hivi. Saa kumi tumemaliza."

"Na wakiuliza mbona vipande vilivyookotwa vina maswali ambayo hayakutoka? Wazazi watavileta. Watasema kulikuwa na mtihani mwingine, wa kwanza, na mwanangu aliupata. Mwalimu, nakwenda kwa mratibu. Nimekuja kukwambia kabla, si kukuomba ruhusa."

"Mama Peace wewe ni mgumu."

"Ndiyo. Vaa koti, twende."

Hakuvaa. Nilikwenda peke yangu.

Mratibu wa elimu wa kata alikuwa mwanamke, Mwalimu Tereza, mrefu, aliyezoea kusikiliza huku anaendelea kupiga mihuri. Niliweka mezani vipande arobaini na vinne. Nikamweleza kuhusu radi, plagi, waya uliopita ukutani, kompyuta iliyosubiri. Aliacha kupiga mihuri nilipofika kwenye maandazi.

"Hebu rudia hapo. Printa iko chumba kingine?"

"Ndiyo."

"Na uliandika ukiwa umejifungia?"

"Ndiyo."

"Sasa ulimfungia nani mlango, kama karatasi zinatokea sebuleni?"



Akanisogezea karatasi mbili na kalamu. "Andika maelezo. Nani alikukabidhi, nani aliandika, nani alizitoa nje."

Niliandika pale pale. Kwamba Mwalimu Hilario alinikabidhi bahasha iliyofungwa, mkononi, kama inavyotakiwa, na baada ya hapo hakuhusika. Kwamba niliandika mimi. Kwenye la tatu nilisimama kidogo. Ukweli wa kawaida ulikuwa jina la mama mkwe. Ungeeleweka haraka, bibi kizee, maandazi, watu wangecheka, na mimi ningeonekana mwathirika. Lakini sheria ya karatasi za sakafuni ilikuwa yangu. Yeye aliifuata jinsi nilivyoisema. Nikaandika: "Zilitoka nje kwa utaratibu wa taka niliouweka mimi nyumbani kwangu." Nikatia sahihi na tarehe.

Mwalimu Tereza akaisoma mara mbili. "Hujamtaja mtu."

"Nimemtaja aliyekosea."

"Na mtoto wako amesoma?"

"Amesoma. Andika na hilo ukitaka."

Akaiweka kwenye faili. Mtihani ukasogezwa hadi Jumatatu. Maswali mapya yangetungwa na mwalimu wa shule nyingine na kuandikwa ofisini kwake, kwa taipureta, na karani wa kata. Mimi nisingeandika tena mitihani ya kata. Aliyasema hayo bila kupandisha sauti, na mimi nikasema sawa, maana ndivyo ningeamua mimi kama ningekuwa nimekaa upande wake wa meza.

Nyumbani mama mkwe alikuwa ananingoja na lake.

"Nimesikia kwa Benno kwamba nimeiba mtihani."

"Hujaiba, Mama."

"Ulisema zinazoanguka sakafuni ni zangu."

"Nilisema."

"Ulisema mbele ya mwanangu, mumeo. Mimi kusoma hivyo vidogo siwezi, macho yameshakwenda. Ningejuaje? Zingekuwa na muhuri ningejua ni za serikali."

"Najua, Mama. Kosa ni langu, na nimeandika hivyo kwa mratibu."

"Umeandika hivyo kweli?"

"Nimeandika."

"Hukusema Dorosela?"

"Sikusema."

Akainuka kwenda jikoni. Akiwa mlangoni akasema, bila kugeuka, "Basi magazeti yapo. Vidole vinaoshwa." Hatukulizungumza tena.

Mwalimu Hilario hakupata barua. Alipandishwa daraja mwezi wa saba. Tulipokutana sokoni alinisalimia kwa mbali, kama mtu anayesalimia gari la polisi. Wateja wa kupita walipungua kwa wiki tatu, kisha wakarudi, kwa sababu watu waliendelea kufa na kuoana. Mtaani yalisemwa niliyoyatarajia: kwamba nilimpa mtoto wangu mtihani, nikashikwa, nikajifanya nimejipeleka. Aliyesema kwa sauti zaidi ni mama mmoja mwenye mtoto katika darasa la Peace. Sikumfuata. Ningemwambia nini ambacho matokeo ya mtihani wa Jumatatu yasingemwambia?

Matokeo yalibandikwa siku ya nane baada ya mtihani. Nilikwenda kuyaona mwenyewe. Peace, ambaye kwa kawaida alikuwa wa tatu au wa nne, alikuwa wa kumi na moja kati ya thelathini na wanane. Hisabati ilikuwa imemwangusha. Yule mama alikuwa amesimama nyuma yangu, kidole kikishuka kwenye orodha kutafuta jina la binti yangu. Kikapita la tatu, kikapita la saba, kikafika la kumi na moja. Kikakaa pale. Kisha akakirudisha ndani ya kanga, akasema, "Haya, habari za nyumbani, Mama Peace?"

"Nzuri," nikasema.

Peace alikuwa amejificha nyuma ya darasa, akijua nimeshasoma. Nikamwita. Alikuja polepole, anaangalia viatu.

"Umekasirika?"

"Ndiyo. Wa kumi na moja ni wa kumi na moja."

"Walibadilisha maswali yote, Mama. Hata moja halikurudi."

"Najua. Mimi ndiye niliyekwenda kwa mratibu."

Akafikiri. "Kwa hiyo nafasi hii ni yangu mwenyewe."

"Yote," nikasema. "Beba mkoba, twende. Jioni tunaanza na duara."